Kinyama au damu? Kisa cha tezi dume Isongole na mahali pa maikroRNA

Mkulima wa viazi mviringo wa Isongole, wilayani Rungwe, mwenye umri wa miaka 68, alifikishwa kituo cha afya usiku wa manane akiwa hajakojoa tangu mchana. Tumbo la chini lilikuwa limekaza na jasho linamtoka, ingawa ilikuwa baridi ya mwezi wa saba. Akawekewa mpira wa kutolea mkojo, mkojo ukatoka zaidi ya lita moja, na maumivu yakaisha palepale. Asubuhi yake akapimwa PSA, kipimo cha damu kinachohusu tezi dume. Majibu yalisema nanogramu 24.6 kwa mililita, na karatasi hiyohiyo ilionyesha kuwa kiwango cha kawaida ni chini ya 4. Kufikia jioni ndugu wa Tukuyu, wa Uyole na wa Dar es Salaam walikuwa wameshapeana taarifa kwa simu kwamba mzee ana kansa.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na hali zinazojirudia kwenye kliniki za mkojo huku Nyanda za Juu Kusini. Mzee huyu si mtu mmoja, na majibu ya vipimo vyake nimeyapanga kwa ajili ya kufundishia. Tafiti ninazozitaja ni za kweli. Ninachotaka kukichambua ni ombi moja la familia: mzee asichukuliwe kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vinavyotolewa kwa sindano ili vichunguzwe, bali apimwe damu kutafuta maikroRNA, vipande vifupi vya RNA nitakavyovieleza mbele. Ombi hilo lilitoka kwa watu waliosoma na kufikiri, nao wanastahili jibu lenye uzito uleule.

Namba iliyopimwa siku isiyofaa

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, zilizo nzima na zilizougua. Huingia kwenye damu kwa wingi pale tezi inapovurugwa. Saratani huivuruga, lakini hata maambukizi ya mkojo, mkojo kuziba na mpira wenyewe kupita katikati ya tezi huivuruga vilevile. Mzee alikuwa na vyote vitatu kwa pamoja, maana mkojo wake ulionyesha pia usaha na bakteria. Kumpima PSA asubuhi ile kulikuwa ni kupima vurugu za usiku. Kwa kawaida husubiriwa wiki nne hadi sita baada ya maambukizi kutibiwa.

Alipofika hospitali ya rufaa Mbeya, tulimtibu maambukizi, tukampa dawa ya kulegeza njia ya mkojo, mpira ukatolewa akaweza kukojoa mwenyewe. Baada ya wiki sita PSA ilirudi 11.8. Ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, na mwanawe mkubwa aliposikia alishusha pumzi. Mimi sikuweza kufurahi naye, kwa sababu ya kipimo cha kidole, ambacho daktari hukifanya kupitia njia ya haja kubwa ili kuipapasa tezi. Upande wa kulia wa tezi palikuwa na uvimbe mdogo mgumu uliotofautiana kabisa na sehemu nyingine iliyo laini. Tezi iliyokua kwa sababu ya uzee huwa kubwa lakini nyororo. Ultrasaundi ilipima tezi yote mililita 62, na ukigawa 11.8 kwa 62 unapata 0.19. Ikizidi 0.15, PSA hiyo ni nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa ukubwa wa tezi pekee.

Wanaume wengi wa huku hukimbia kliniki kwa kuogopa kipimo cha kidole, na mitaani kinasimuliwa kwa vicheko. Kwa mzee huyu, dakika moja ya kipimo hicho ndiyo iliyoonyesha njia. Mke wake alitueleza kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akiamka mara nne au tano kila usiku. "Tulidhani ni baridi ya Isongole," alisema. Ninamwelewa kabisa. Huku kwenye milima ya Uporoto kuna baridi, na kila mtu huamka kukojoa. Kwa hiyo huku kwetu swali la kumuuliza mzee ni kama mkojo unachelewa kuanza, unakatikakatika, au unamwacha akihisi kibofu bado kimejaa.

Kikao

Walikuja wanne: mzee, mama, mwana mkubwa wa miaka 46 anayesafirisha viazi kwa Fuso hadi Dar es Salaam, na mjukuu anayesomea maabara Mbeya mjini. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akanyamaza. Mwanawe ndiye aliyeanza. "Daktari, sisi tumekaa kama familia. Tunajua uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Baba wa rafiki yangu walimchoma sindano za kinyama, hakumaliza mwaka."

Mjukuu akasubiri baba yake amalize, kisha akafungua simu. Alikuwa amesoma kuhusu utafiti wa mwaka 2008 ulioonyesha kuwa kwenye damu ya wagonjwa wa saratani ya tezi dume kuna maikroRNA inayoitwa miR-141 kwa wingi kuliko kwa watu wasio na ugonjwa huo. "Kama damu inasema, babu anachomwa sindano za nini? Tuchukue damu, tuitume hata nje ya nchi, tutachangishana."

Hofu ya sindano nilianza nayo kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi mioyoni mwao. Saratani ya tezi dume kusambaa kwa kupitia tundu la sindano ya kinyama ni jambo la nadra sana. Yule baba wa rafiki, kwa jinsi alivyosimuliwa, alifika hospitali akiwa na maumivu ya mgongo na miguu imeshaanza kuishiwa nguvu. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa kabla ya sindano. Hatari halisi ya kuchukua kinyama kupitia njia ya haja kubwa ni bakteria kuingia kwenye damu, ndiyo maana antibayotiki hutolewa kabla, na mgonjwa huambiwa arudi haraka akipata homa na kutetemeka. Hatari hiyo nilimweleza mzee waziwazi. Niliona uso wake ukilegea, nadhani kwa kuwa aliambiwa kitu cha kweli cha kuhofia badala ya kuambiwa asihofu.

MaikroRNA zinafanya nini

Swali la mjukuu lilihitaji muda. Jeni iliyo kwenye DNA hunakiliwa kwanza kuwa RNA ya ujumbe, na ujumbe huo husomwa ili protini itengenezwe. MaikroRNA ni vipande vifupi sana vya RNA, vya nukleotidi 22 hivi, ambavyo havitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kushikamana na RNA za ujumbe na kuzizuia zisisomwe, au kuharakisha kuharibiwa kwake. Huanza zikiwa ndefu, zimejikunja, ndani ya kiini cha seli. Kimeng'enya kinachoitwa Drosha huzikata mara ya kwanza, zikishatoka nje ya kiini, kimeng'enya kingine kinachoitwa Dicer huzikata tena, kisha uzi mmoja hushikwa na protini ya Argonaute na kuanza kazi. Nukleotidi chache tu za mwanzoni, kuanzia ya pili hadi ya nane, ndizo zinazoamua ni ujumbe upi utakaozimwa. Kwa sababu sehemu hiyo ni fupi, maikroRNA moja inaweza kuzuia jumbe za jeni nyingi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na baadaye tutaona kwamba ndipo ilipo hatari yake pia.

Ya kwanza iligunduliwa kwenye mnyoo mdogo wa utafiti mwaka 1993, kupitia kazi za Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024. Kwa miaka saba hivi wengi walidhani ni jambo la mnyoo huyo tu, hadi mwaka 2000 ilipopatikana nyingine iliyopo hata kwa binadamu. Miaka miwili baadaye ilionekana kwamba kwenye aina moja ya saratani ya damu kipande cha kromosomu ya 13 hupotea, na kipande hicho ndicho kinachobeba miR-15a na miR-16-1.

Jozi hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye tezi dume. Katika seli nzima, miR-15a na miR-16 huzuia protini ya BCL2, inayoizuia seli isife wakati wake ukifika, na siklini D1, inayoisukuma seli kugawanyika. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kwenye saratani ya tezi dume iliyoendelea jozi hii hupungua sana. Walipoizima kwenye panya, seli za tezi ziliongezeka, na walipoirudisha kwenye uvimbe uliopandikizwa, uvimbe ulinywea.

Nyingine hufanya kinyume. miR-21 huongezeka kwenye saratani nyingi, na miongoni mwa inazozizima ni PTEN, protini inayozuia seli kukua ovyo. miR-101 huwa inaidhibiti protini ya EZH2, na miR-101 ikipotea, EZH2 hupanda na ugonjwa huwa mkali. Halafu kuna miR-34a, ambayo huwashwa na p53, protini inayoilinda seli isigeuke saratani, pale seli inapojeruhiwa, na kwenye tezi dume huzuia CD44, alama ya zile seli chache zinazoweza kuanzisha uvimbe upya. Mambo haya yanaeleza kwa nini seli ya tezi ya mzee inaweza kuacha kufa na kuanza kugawanyika hata pale jeni zenyewe za BCL2 au PTEN hazijaharibika. Kijana alikuwa sahihi kabisa kuona kwamba hapa pana jambo kubwa.

Swali la utafiti na swali la mzee

Kijana alipoteleza ni pale alipoupa utafiti ule wa 2008 wa miR-141 swali ambalo haukuuliza. Ulilinganisha wagonjwa 25 wenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa mwilini na wanaume 25 wazima. Kati ya makundi hayo mawili, miR-141 ilitofautisha vizuri: iliwatambua wagonjwa 6 kati ya kila 10 bila kumsingizia mzima hata mmoja. Lakini hata pale, kwa watu ambao saratani ilikuwa imeshafika mbali, wanne kati ya kumi hawakuonekana. Mzee wetu swali lake lilikuwa jingine. Ana tezi kubwa, ametoka kwenye maambukizi, ana uvimbe mdogo upande mmoja, na tunataka kujua kama ndani ya uvimbe huo kuna saratani, tena ya ukali gani. Katika hatua hiyo ya mwanzo miR-141 inaweza isipande kabisa. Majibu ya chini yangewapa familia faraja isiyo na msingi, na kitu hicho ndicho nilichokiogopa kuliko sindano zote.

Tena miR-141 haitoki kwenye tezi dume peke yake. Hutengenezwa na seli za tabaka za juu za viungo vingi, na mama mjamzito huwa nayo nyingi kwenye damu kwa sababu ya kondo. miR-21 ndiyo kabisa, hupanda hata kwa uvimbe wa kawaida wa maambukizi, na mzee alikuwa nao wiki sita tu nyuma.

Kisha kuna suala la damu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mazingira yetu yanahusika moja kwa moja. RNA za kawaida huharibika haraka kwenye damu, ila maikroRNA hudumu kwa kuwa zimeshikwa na protini kama Argonaute au zimefungwa ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli. Utafiti uleule wa 2008 ulionyesha zinastahimili hata saa 24 katika joto la chumba. Mjukuu alikuwa ameisoma sehemu hiyo pia, akaniambia: "Basi hata ikitoka Isongole kwa bodaboda itafika salama." MaikroRNA zilizomo kwenye plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, ndiyo, zitafika. Tatizo ni chembe nyekundu za damu. Zimejaa maikroRNA zake zenyewe, hasa miR-451 na miR-16. Tyubu ikitikiswa njia nzima bila damu kuzungushwa kwenye sentrifuji na plazma kutengwa, chembe hizo hupasuka na kumwaga vilivyomo. Zahanati nyingi za vijijini hazina sentrifuji. Plazma itakayofika maabara itakuwa ya rangi ya waridi, na namba zitakazotoka zitakuwa habari za barabara kuliko za tezi.

Angalieni inavyogongana. miR-16, ambayo ndani ya uvimbe kupungua kwake ni dalili ya ubaya, kwenye damu iliyotikiswa itaonekana imejaa tele. Tena maabara nyingi zimekuwa zikiitumia miR-16 hiyohiyo kama kipimo cha kulinganishia zile nyingine, kwa hiyo kosa lake husambaa kwenye majibu yote. Hata aina ya tyubu ina neno lake: iliyowekwa heparini ili damu isigande huvuruga PCR, njia ya maabara inayotumika kupima maikroRNA, na ile yenye EDTA, kizuia kuganda kingine, ndiyo inayofaa. Mwanafunzi wa maabara aliyaelewa haya haraka kuliko mtu mwingine yeyote chumbani, na ndiye aliyemgeukia baba yake kumweleza kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nilinyamaza.

Hadi leo hakuna kipimo cha maikroRNA kilichochukua nafasi ya kinyama katika kuthibitisha saratani ya tezi dume. Ipo RNA nyingine, ndefu, iitwayo PCA3, inayopimwa kwenye mkojo, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2012. Hata hiyo hutumika kusaidia kuamua kama mtu ambaye kinyama chake cha kwanza hakikuonyesha saratani arudiwe au la.

Uamuzi na majibu

Mzee alizungumza mwisho. Aliuliza sindano ni ngapi, na kama atalala hospitali. Kumi na mbili, nikamwambia, kwa ganzi, na atarudi nyumbani siku hiyohiyo. "Basi zichomeni," akasema.

Majibu ya patholojia yalionyesha saratani katika vipande vitano kati ya 12, vyote vya upande wa kulia, na alama ya Gleason, inayopima ukali wa saratani kwa muundo wa seli zake, ilikuwa 4+3, jumla 7. Mpangilio wa 4 na 3 una maana. Sehemu kubwa ya saratani ilikuwa ya ule muundo mkali zaidi, na mgonjwa wa 4+3 hutazamwa kwa uangalifu zaidi kuliko wa 3+4 ingawa jumla ni ileile. Namba hizo mbili ndizo zilizoamua matibabu, na hakuna tyubu ya damu ambayo ingetupa. Uchunguzi wa mifupa haukuonyesha kuwa ugonjwa umefika huko. Alikuwa katika hatari ya kati, upande wake wa juu, na ugonjwa bado ulikuwa ndani ya tezi. Mtu wa namna hiyo hutibiwa kwa nia ya kumponya.

Tulipanga mionzi pamoja na sindano za kushusha homoni kwa miezi sita. Kwa mzee wa Isongole mionzi ilimaanisha hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na wiki kadhaa za kukaa kwa ndugu huku shamba likiwa mikononi mwa wengine. Mwanawe wa Fuso aliuliza kwa nini asiondolewe korodani tu, kama alivyosikia hufanywa, gharama zikaisha. Swali lake lilikuwa la haki. Tangu Charles Huggins alipoonyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa korodani hurudisha nyuma saratani hii, kazi iliyompa Nobel mwaka 1966, upasuaji huo umesaidia wanaume wengi ambao ugonjwa wao umeshasambaa. Lakini homoni peke yake huudhibiti ugonjwa kwa muda, haiutoi ndani ya tezi, na kwa baba yake nafasi ya kuutoa ilikuwepo. Mjukuu alichangia hapo bila kuombwa: saratani ikizoea kuishi bila homoni, miR-221 na miR-222 huwa zimepanda, nazo huzuia p27, protini inayosimamisha mgawanyiko wa seli. Alikuwa ameendelea kusoma.

Akauliza pia kwa nini babu asirudishiwe maikroRNA alizopoteza, kama wale panya. Jambo hilo limeshajaribiwa kwa binadamu. Dawa iliyoitwa MRX34, yenye miR-34a ndani ya vitone vya mafuta, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini na nyingine mwaka 2013. Wachache uvimbe wao ulinywea, lakini mwaka 2016 jaribio lilisimamishwa kwa sababu kinga za miili ya baadhi ya wagonjwa zilichachamaa vibaya, na wengine walifariki. MaikroRNA moja hugusa jeni nyingi, na ukiimwaga mwilini huigusi tezi peke yake. Kazi ya kutafuta njia ya kuifikisha mahali panapotakiwa inaendelea.

Kuna jambo moja katika shauku ya kijana ambalo sikutaka lipotee. Vipande vya kinyama cha babu yake vimehifadhiwa ndani ya nta kwenye maabara ya patholojia. MaikroRNA, kwa kuwa ni fupi, hudumu ndani ya nta hizo kwa miaka, vizuri kuliko RNA ndefu. Tafiti nyingi za miR-141, miR-21 na wenzake zimefanywa kwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia, na waliotoka Afrika Mashariki ni wachache mno, ilhali kwa wanaume wa Tanzania hii ndiyo saratani inayoongoza. Nilimwambia kwamba akimaliza masomo, nta zilizoandikwa vizuri, zenye idhini ya mgonjwa na kumbukumbu za alivyoendelea baada ya matibabu, zitamfikisha mbali kuliko tyubu moja iliyotumwa ng'ambo kwa michango ya ukoo.

Mzee alimaliza mionzi. PSA yake sasa hupimwa kila baada ya miezi mitatu, pasipo mpira wala maambukizi, na ya mwisho ilikuwa 0.4. Wanawe nao wana hatari iliyoongezeka kwa kuwa baba yao ameugua. Yule wa miaka 46 alikubali kidole na damu siku alipomleta baba kliniki: kidole hakikukuta kitu, PSA 1.3, arudi baada ya miaka miwili. Mdogo wake wa Dar es Salaam hajapima bado, na kaka mtu amesema atampitia safari ijayo ya viazi ampeleke mwenyewe.